Fungu la Mgeni na Lango la Nchi Tisa

Wenye haraka nendeni zenu, na wenye njaa sogeeni karibu, maana habari hii kuanzia kichwani hadi mkiani ni ya bakuli la wali. Zimo serikali ndani yake, yumo balozi, limo na lango kubwa la chuma. Lakini mwenye cheo ni bakuli.

Ilikuwako nchi ndogo, jina lake Mbarika, imejilaza chini ya mlima kama paka aliyeshiba. Huko Mbarika, kila jioni, kabla mtu yeyote wa nyumba hajapakuliwa, mama wa jiko alichota fungu la kwanza, akalitia bakulini, akalifunika kawa na kuliweka rafuni. Hilo lilikuwa fungu la mgeni. Mgeni gani? Yeyote. Mwenye hodi ya kistaarabu na yule anayeingia kama mbuzi. Akija, chakula chake kipo, wala hataona wenyeji wakitupiana macho. Asipokuja, alfajiri watoto wa nyumba wanalivamia. Mbarika haikuwa na haja ya jogoo wa kuamsha watoto. Kiporo kilitosha.

Bi Chausiku alikulia katika vita hivyo, na adui yake mkuu alikuwa dada yake, Mwanamkuu. Wali wa kunde uliolala una utamu wake ambao wali wa moto hauujui: umeshikana, umepoa, kunde zimenywa chumvi zikatosheka, na chini kabisa kuna ukoko. Dada mtu alikuwa na mikono mirefu. Mdogo mtu alikuwa na meno. Mama yao, Bi Mize, alipiga kelele kutoka chumbani bila kufungua macho: "Gawaneni, nyie fisi!" Basi waligawana kama fisi wanavyogawana.

Enzi hizo mpaka wa mlimani ulikuwa jiwe jeupe, na mbuzi wa pande zote mbili walilikojolea bila ubaguzi. Mwanamkuu alipoolewa upande wa pili, harusi ilipita pale kwenye jiwe na ngoma zake, na hakuna aliyeulizwa anatoka wapi. Ilijulikana anatoka jikoni.

Halafu nchi tisa za upande ule wa pili zikaungana.

Kuungana si kazi. Kazi ni kueleza mmeungana kwa lipi. Wakubwa wa Nchi Tisa waliketi kutafuta tunu yao moja. Walijaribu lugha, wakagombana. Walijaribu wimbo, wakagombana kwa sauti nne. Mwisho mmoja wao, aliyechoka na kutamani kwenda kula, akasema: "Lakini jamani, si sote kwetu tuna fungu la mgeni?" Kweli bwana! Wote walikuwa nalo, maana watu wa milima ile ni wamoja, tofauti yao mbuzi tu. Wakaliandika kwenye Hati ya Umoja kwa wino wa dhahabu: *Fungu la mgeni ni la mgeni, wala halitaliwa na asiye mgeni.* Walikuwapo wasomi watupu katika kikao kile, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuandika habari za asubuhi.

Na kwa kuwa kitu kizuri hakifichwi, Umoja ukaamua kuipeleka tunu hiyo kwa walimwengu. Ikaanzishwa Wizara ya Tunu na Mambo ya Nje. Nchi iliyotaka kufanya biashara na Umoja, au kuvuka lango lao, au kupewa mkono tu na waziri wao, ilikaguliwa kwanza mabakuli. Iliyofuzu ilipewa bendera na hotuba. Iliyofeli ilifungiwa mpaka, watu wake wasiingie wala wa Umoja wasiende huko, hadi siku itakapojifunza kupokea watu.

Zamu ya Mbarika ilipofika, alitumwa mkaguzi, kijana mnyoofu jina lake Faki. Alifikia nyumbani kwa Bi Mize, akalala hapo siku kadhaa, akanawiri. Fungu la mgeni hakuligusa, kwa sababu yuko kazini. Alfajiri akawaona wajukuu wa Bi Mize wakilifumua. Akaandika kwa masikitiko ya kweli: "Ukarimu upo jioni, lakini hautunzwi." Mbarika ikaitwa barazani kujibu.

Watu wa Mbarika walimchagua Bi Chausiku kuwa mjumbe wao. Sababu rasmi ni busara yake. Sababu ya kweli ni kwamba alikuwa na dada wa kufikia, na viatu visivyovuja. Bi Mize, ambaye sasa alikuwa mdogo kitandani kama mto wa kulalia, alimshika mkono.

"Mambo ya baraza mtajuana wenyewe," alisema. "Mimi nataka mwanangu. Tangu waliposema tunachunguzwa, hawampi ruhusa ya kuja. Lango likifungwa, ndiyo basi tena. Niletee Mwanamkuu nimwone."

"Nitamleta, mama."

"Usiseme nitamleta kama unaniletea chumvi. Mlete."

Kwa hiyo Bi Chausiku alipanda mlima, na huko mlimani hatuna shughuli.

Mji mkuu wa Nchi Tisa ulimpokea kwa harufu. Juu yake kulikuwa na udi, ubani na waridi. Chini yake kulikuwa na kitu kingine, kichachu, ambacho pua ya mpishi haiwezi kukikosea. Akauliza mpita njia ni nini. "Ni udi," akajibiwa upesi, kama mtu anayejibu swali ambalo halikuulizwa.

Jibu alilipata kona ya pili. Lilikuwa likipita gari la serikali, refu, jeupe, limeandikwa UKARIMU HAUNA MPAKA. Vijana wenye glavu walitoka nyumba hadi nyumba wakikusanya mabakuli ya wiki nzima, wali umeota manyoya, na kuyapeleka kwenye bohari nje ya mji, ambako mafungu yote ya wageni ambao hawakuja huhifadhiwa kwa heshima. Mzee mmoja aliyekonda alinyoosha mkono kwenye gari. Askari akamrudisha kwa upole.

"Baba, wewe si mgeni. Wewe ni mwananchi mwenye njaa. Hiyo ni idara nyingine."

Bi Chausiku aliiona idara hiyo nyingine baadaye. Ofisi ya Ukarimu wa Nje ilikuwa jengo la vioo lenye chemchemi mbele. Ofisi ya Ukarimu wa Ndani ilikuwa dirisha kwenye ukuta wa jengo hilo, na dirisha lenyewe lilikuwa limeenda kula.

Mwanamkuu alimpokea mlangoni kwa kilio cha kimyakimya, maana kule kelele za mlangoni ziliombewa kibali. Alikuwa amezeeka vizuri, mwenye kitambaa cheupe kichwani na mikono ileile mirefu. Mumewe alikwisha kufariki. Chumba kilikuwa safi mpaka kikatisha. Katikati ya meza, ndani ya sanduku la kioo lenye lakiri ya serikali, lilikaa bakuli la wali wa kunde.

Bi Chausiku alilitazama. Tumbo lake likalitazama pia.

"Dada, mwenzio sijala tangu jana. Hili si langu?"

Mwanamkuu aliruka kama aliyeona mtu akinyoosha mkono motoni. "Usiguse! Hilo la mgeni."

"Na mimi nani?"

"Wewe mjumbe. Mgeni ni mwenye Cheti cha Ugeni."

"Umewahi kumwona?"

"Kwenye bango," alisema Mwanamkuu. Akafikiri kidogo. "Lakini lilikuwa bango kubwa."

Wakatazamana. Bi Chausiku ndiye aliyeanza kucheka, na dada yake akajitahidi asicheke, akashindwa kwenye mabega. Alikwenda jikoni akapika upya, na walikula wakiwa wamelipa kisogo lile sanduku, kama watu wanaosengenya.

Ukutani palikuwa na picha ya Muhidini, mtoto wa pekee wa Mwanamkuu. Alikuwa balozi wa ukarimu katika nchi ya mbali sana, na pichani alishika bakuli pamoja na waziri wa huko, wote wawili wakitabasamu kwa meno ya kazi.

"Anakuja lini?" aliuliza Bi Chausiku.

"Anasema mwakani."

"Na mwaka jana alisemaje?"

"Mwakani." Mwanamkuu aliifuta picha kwa pindo la kanga ingawa haikuwa na vumbi. "Mwanangu si kigeugeu." Kisha, kwa sauti iliyoshuka: "Unajua, mdogo wangu, kila jioni nikilitia hilo fungu nasema la mgeni, kama sheria inavyotaka. Lakini mkono wangu unajua ninamtilia nani."

Bi Chausiku akamwambia aliloagizwa: mama ni mzee, anamtaka. Mwanamkuu alilia tena, safari hii bila kibali. Wakapanga. Baraza lilikuwa limemwita Mwanamkuu naye kutoa ushahidi, kwa kuwa alizaliwa Mbarika akawa mwananchi wa Umoja. Akisema kwamba Mbarika ya asili haikula fungu la mgeni, kwamba wajukuu wale ni watundu wa siku hizi tu, Mbarika ingepewa onyo, lango lingebaki wazi, na yeye angepata ruhusa ya kwenda na kurudi.

"Neno moja tu, dada," alisema Bi Chausiku. "Hapana."

"Hapana," alijaribu Mwanamkuu. "Hapana. Hapana. Mbona rahisi."

Baraza la Nchi Tisa lilikutana kwenye ukumbi ambao viti vyake tisa vilikuwa na urefu sawa, jambo lililochukua miaka kukubaliwa. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Ngwali, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Kabla ya kesi ya Mbarika, ilibidi wamalize ajenda ya kifuniko. Nchi tano zilisema fungu lifunikwe kawa, nne zilisema sahani, na kwa vile Umoja haupigi hatua bila kukubaliana wote, mabakuli ya serikali yalikuwa hayafunikwi na chochote. Nzi walikuwa hawajaulizwa maoni.

"Kifuniko tukiahirishe," alisema Mheshimiwa Ngwali, kama kila kikao. "Mbarika."

Faki alisimama akaeleza alichokiona. Alieleza kwa haki, akataja hata supu aliyopewa. Bi Chausiku naye akajitetea.

"Waheshimiwa, kwetu fungu ni la mgeni usiku kucha. Kukikucha, mgeni hajaja, tunafanyaje? Tulitupe? Mgeni akisikia chakula chake kilitupwa, hatajisikia vibaya?"

"Mgeni hajulikani," alisema mjumbe mmoja. "Hatuwezi kujua anavyojisikia."

"Basi ndiyo sababu tunawapa watoto," alisema Bi Chausiku. "Wao wanajulikana."

Kicheko kidogo kilipita ukumbini, kikakamatwa mlangoni. Mheshimiwa Ngwali alimwita Mwanamkuu.

"Mama, wewe ni wetu na ni wao. Useme kweli, baraza linakupenda. Ulipokuwa mtoto huko Mbarika, je, mlikula fungu la mgeni?"

Mwanamkuu alifungua mdomo. Neno lilikuwa limekaa tayari juu ya ulimi. Bi Chausiku aliliona kabisa likiwa limekaa pale, limevaa viatu.

"Ha..." alisema Mwanamkuu.

Na hapo macho yake yaliuacha ukumbi, yakaenda mahali.

"Asubuhi kulikuwa na baridi," alisema. "Mnajua ile baridi ya sakafu ya udongo? Unakanyaga kwa visigino ili mwenzio asisikie. Mimi nilikuwa mrefu, nafikia rafu. Huyu hapa alikuwa ananing'ata mguu. Waheshimiwa, alama ipo! Unafunua kawa, na wali umelala umbo la bakuli, ukiupindua unasimama peke yake kama kofia. Kunde zimekolea. Na ukoko... Mama alikuwa anaung'oa mzimamzima chini ya sufuria, anauweka juu ya fungu la mgeni, eti mgeni ale kizuri kuliko sisi. Tulikuwa tunalala tunamwombea mgeni afike salama huko anakokwenda kwingine."

Bi Chausiku alifumba macho. Lango aliliona likijifunga taratibu ndani ya kope zake, na papo hapo, Mungu amsamehe, mate yalimjaa.

Ikasikika sauti ya kumeza. Mheshimiwa Pandu, mjumbe wa nchi ya nne, mzee aliyesifika kwa kutosema lolote tangu Umoja uanze, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kwetu," alisema, "ukoko ulikuwa wa kitinda mimba."

"Wapi!" alidakia mwenzake. "Ukoko ni wa kifungua mimba. Dunia nzima inajua."

"Sisi tulikuwa tunamwagia maziwa."

"Maziwa kwenye kunde? Nyie ndio maana hatuwaelewi!"

"Marehemu kaka yangu," alisema mwanamke wa nchi ya saba, na sauti ikamkatika, "alikuwa anajifanya amelala. Kumbe keshakula, anasubiri atusikie tukilia kwenye bakuli tupu."

Kwa muda ambao hakuna karani aliyeweza kuuandika, Nchi Tisa ziliungana. Waligombana, walicheka, walipigana mapaja. Wazee wazima walionyeshana kwa mikono ukubwa wa mabakuli ya mama zao, na kila bakuli lilikuwa kubwa kuliko lililotangulia. Hata Faki, aliyesimama pembeni na karatasi zake, alisikika akisema kwamba bibi yake alikuwa anatia na samli. Bi Chausiku alianza kuthubutu kutumaini.

Mheshimiwa Ngwali alijifuta macho kwa leso, akagonga meza polepole.

"Ndugu zangu," alisema, "leo tumeguswa. Tusiiache kumbukumbu hii ipotee. Napendekeza ijengwe sanamu ya mtoto akila kiporo, isimame mbele ya Wizara. Napendekeza iwepo Siku ya Ukoko, na watoto wa shule waikariri hotuba ya mama huyu."

"Naunga mkono!" walipaza wote tisa.

"Na kwa kuwa shahidi amekiri kwamba Mbarika hula fungu la mgeni tangu asili, lango lifungwe kesho adhuhuri, hadi watakapojifunza."

"Naunga mkono," walisema wote tisa, bado wakijifuta machozi.

Ilikuwa mara ya kwanza katika historia yao kukubaliana mambo mawili siku moja. Walipeana mikono kwa furaha. Mheshimiwa Pandu alimpa mkono Bi Chausiku pia, akaushika kwa muda mrefu, akamwomba amsalimie mama yake.

Nje, Mwanamkuu hakuweza kumtazama mdogo wake usoni.

"Nimeliharibu."

"Umeliharibu, dada."

"Neno moja tu ulinipa."

"Moja tu," alisema Bi Chausiku. Halafu akaongeza, kwa sababu ilikuwa kweli: "Lakini ningekasirika ungelisema."

Kesho yake Mwanamkuu alimsindikiza. Alisema anamsindikiza hadi langoni tu, kumuaga. Hakubeba mzigo wowote, ila alitembea upesi kuliko mtu anayeaga. Njiani hawakuzungumza juu ya kurudi wala kubaki. Bi Chausiku alikuwa na maneno ya mama yake kooni, *usiseme nitamleta, mlete*, na aliyameza yote, maana mtu mzima haletwi. Mtoto wa dada yake, siku akirudi, angerudi upande huu. Angemwambiaje amwache?

Langoni walimkuta Faki. Alikuwa ametumwa kusimamia kufunga, kama heshima kwa kazi nzuri. Uso wake haukuwa wa mtu aliyeheshimiwa.

"Bi Mize hajambo?" aliuliza, akiangalia viatu vyake.

"Hajambo, anakuulizia," alisema Bi Chausiku. "Anasema ulikonda siku za mwisho, ulipoanza kuandika."

Faki alikohoa. Jua lilikuwa karibu utosini. Askari walianza kusukuma bawa moja la lango, chuma kikalalamika. Bi Chausiku alimkumbatia dada yake, akavuka, akasimama upande wa Mbarika bila kugeuka, kwa sababu akigeuka angeomba.

Nyuma yake akasikia hatua.

"Mama!" alisema Faki. "Mama Balozi, subiri kwanza. Mwananchi akivuka leo hana kurudi. Ndiyo amri."

"Nimesikia."

"Nyumba yako?"

"Funguo nimempa yule mzee anayefukuzwa kwenye gari lenu. Kuna sanduku mezani, nimelivunja lakiri. Wakimuuliza, waambieni ni mimi."

"Na Balozi Muhidini?" Faki alikuwa amemfuata hadi kwenye mstari wenyewe wa mpaka, ncha za viatu vyake zikiugusa. "Akirudi akakuta hupo, nimwambie nini?"

"Mwambie mama yake yuko kwa bibi yake."

"Lango litakuwa limefungwa. Atakujaje?"

"Si ndiye bingwa wa ugeni?" alisema Mwanamkuu, na sauti yake ikatetemeka, ikajishika. "Mwambie aje hivyohivyo, mgeni. Asiombe cheti. Kila jioni nitamtilia fungu, nitaweka ukoko juu."

Bawa la pili lilianza kusogea. Faki alilazimika kuinamisha kichwa upande ili aendelee kumwona.

"Na asipokuja, mama?"

Mwanamkuu alikwisha kumfikia mdogo wake. Alimshika mkono, kwa nguvu, kama mtu anayeshuka mteremko wenye utelezi, na alijibu bila kusimama.

"Asipokuja, asubuhi watoto watakula."